"Mtoto wa chui" aliyeuawa mpungani ni mondo: uzi wa paka wa porini, kutoka mafunjo ya Ziwa hadi misitu ya milimani

#1 MajabaliYaZiwa (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Imeanza tena kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya huku kwetu: mnyama mwenye madoa ameuawa kwa marungu, amelazwa kwenye tuta la jaruba la mpunga, na chini pameandikwa "mtoto wa chui auawa, mama yake anatafutwa". Msimu wa mavuno haupiti bila picha ya namna hii. Leo wanasema Magu, kesho Misungwi, keshokutwa Sengerema. Zile nilizopata kuzikuza na kuzitazama vizuri, hata moja haikuwa ya chui. Ni mondo, paka wa porini mwenye madoa, tena mkubwa aliyekomaa, na kijiji kinakesha kikimwogopa mama ambaye hayupo.

Linaniuma, ndiyo maana nimeamua kufungua uzi. Nimepata kufanya kazi ya kusaidia watafiti kutega kamera kwenye misitu ya milimani, na kwetu ni huku Ziwa Victoria, kwa hiyo hawa wanyama nimekutana nao pande zote mbili.

Tuanze na kumtambua. Doa la chui ni kama duara lililokatika-katika, katikati yake rangi imekolea. Doa la mondo ni jeusi lililojaa, na kuanzia shingoni kwenda mgongoni madoa yanaungana yanakuwa mistari. Chui ana miguu mifupi minene na mkia mrefu. Mondo amesimama juu ya miguu mirefu, ukilinganisha na mwili wake hakuna paka mwingine mwenye miguu mirefu kama hiyo, na mkia wake ni mfupi wenye pete nyeusi. Masikio ndiyo yanamaliza ubishi: makubwa kupita kiasi, yamekaribiana juu ya kichwa, na kila moja kwa nyuma ni jeusi lenye baka jeupe katikati. Uzito wake ni kati ya kilo 7 na 18. Mbuzi wa kawaida anamshinda.

Yale masikio ndiyo yanayomlisha. Mondo anawinda kwa kusikia. Anasimama kwenye nyasi ndefu, anatulia kimya kwa muda mrefu, kichwa kinageuka kidogo kidogo mpaka anaipata sauti ya panya inatokea wapi. Hapo anaruka juu, miguu yote minne hewani, na kumshukia panya kwa miguu ya mbele. Mtafiti Aadje Geertsema aliwafuatilia mondo ndani ya Kreta ya Ngorongoro na kuchapisha kazi yake mwaka 1985. Aliona karibu nusu ya mashambulizi yao yanazaa matunda. Simba hafikii hapo.

Sasa mkulima wa mpunga na mahindi anisikilize vizuri. Panya shamba wa Tanzania, yule ambaye wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) Morogoro wamemfanyia utafiti kwa miongo mingi, anakadiriwa kula asilimia 5 hadi 15 ya mahindi ya nchi hii kila mwaka. Jike mmoja anaweza kuzaa watoto kumi na zaidi kwa mkupuo. Chakula kikubwa cha mondo ni panya. Ukimkuta kwenye jaruba lako, amefuata panya waliofuata mpunga wako.

Mondo hayuko peke yake. Kanda ya Ziwa tuna paka pori, wengine wanamwita kimburu, anayefanana na paka wa nyumbani ila ana miguu mirefu zaidi, nyuma ya masikio pana wekundu, na ncha ya mkia ni nyeusi. Tuna pia simbamangu, rangi moja ya udongo mwekundu, masikio yana vishungi vyeusi vilivyochongoka juu. Wote watatu ni paka wadogo, na wote watatu wanaishi nje ya hifadhi kuliko tunavyodhani.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Tukisema uhifadhi, akili zetu zinakimbilia Serengeti, na kwa tembo na simba ni sawa. Lakini paka hawa hawahitaji pori la kilomita elfu. Wanahitaji nyasi zilizosimama, maji karibu, panya wa kutosha, na mahali pa kuficha watoto. Vitu hivyo viko kwenye ardhi ya kijiji: pembeni mwa mafunjo na matete ya Ziwa, kwenye mbuga za mto Simiyu, katikati ya majabali, kwenye ngitili, malisho ya akiba ya wazee wetu. Mondo wa Kanda ya Ziwa mlinzi wake ni mwanakijiji. Askari wa hifadhi yuko mbali naye.

Na milimani je? Huko nimejifunza jambo ambalo sikulitarajia. Ukiingia msitu mzito wa mlimani, ule ambao jua haligusi chini, mondo ni adimu. Anatumia kingo zake: mianya yenye nyasi, kandokando ya mito, na juu kabisa msitu unapokwisha na nyasi za baridi zinapoanza. Kilimanjaro amerekodiwa hadi mita 3,850. Nchini Kenya, kwenye milima ya Aberdare na Mlima Kenya, wapo mondo weusi tii. Mnyama huyohuyo wa mpungani kwako yuko karibu na barafu, kwa sababu ileile: nyasi na panya.

Mtu atauliza tunajuaje wako wapi ikiwa hawaonekani. Kamera za kutega. Unaifunga kwenye mti, usawa wa goti, ikitazama njia ya wanyama. Kitu chenye joto kikipita inajipiga picha yenyewe, mchana na usiku. Kazi ngumu inakuja baadaye. Kamera isipompata mondo haina maana hayupo, huenda amepita nyuma yake. Ndiyo maana zinatapakazwa nyingi, zinaachwa wiki kadhaa, halafu inapigwa hesabu inayotenganisha vitu viwili: uwezekano wa mnyama kuwepo mahali, na uwezekano wa kamera kumnasa akiwepo. Ukilinganisha na mwinuko, umbali wa maji, umbali wa nyumba za watu na wingi wa miti, unaanza kuelewa anachagua nini. Kwa kamera hizo, kwenye milima ya Udzungwa mwaka 2000 alipatikana tena kanu wa Lowe, mnyama mdogo wa msituni ambaye kabla ya hapo alijulikana kwa ngozi moja tu iliyochukuliwa 1932. Miaka 68 yuko pale pale msituni, na hakuna aliyejua.

Kule milimani watu wenye kamera wapo. Huku kwetu hatuhesabu. Tunahesabu samaki, tunahesabu viboko, tunahesabu ng'ombe. Mondo wa Magu anaingia kwenye kumbukumbu siku ile anapopigwa picha akiwa amekufa.

Karibuni tujadili. Naomba hasa wafugaji wa kuku waseme, maana najua malalamiko yapo.

---

#2 Mkulima_wa_Kisesa

Mkuu nimekusoma mpaka mwisho. Mwaka jana vijana wa kwetu walimuua mmoja hivyohivyo, wakasema ni chui. Walipomchuna tumboni walikuta panya watatu, mmoja bado mzima na mkia wake. Wazee waliokuwepo walinyamaza. Hakuna aliyekuwa amepoteza mbuzi wala kuku wiki ile.

---

#3 MamaVifaranga

Asante kwa kutukaribisha sisi wafugaji. Mimi niko Buswelu, nafuga kuku wa kienyeji, na nitasema ukweli wangu: usiku mmoja nimeamka nimekuta kuku kumi na mmoja wamelala chini, vichwa vimetafunwa. Hao kuku ndio ada ya mtoto wangu. Ukiniambia nimpende huyo paka wako kwa sababu anakula panya wa mtu mwingine, utanisamehe kaka yangu.

---

#4 MajabaliYaZiwa

Pole sana dada, kumi na mmoja kwa usiku mmoja ni hasara kubwa na sitaki kuipunguza.

Naomba nikuulize: waliachwa palepale bandani? Kama ni hivyo, namna hiyo ya kuua wengi na kuacha mizoga, vichwa vikiwa vimeliwa, kwa kawaida ni ya kanu, nguchiro au kicheche aliyeingia kupitia tundu dogo. Mondo ni mkubwa, tundu la kanu hapiti. Yeye akichukua kuku, mara nyingi ni yule anayezurura pembeni ya nyasi jioni, anamchukua mmoja anaondoka naye. Unakuta manyoya tu.

Angalia nyayo kwenye vumbi. Jamii ya paka hutembea kucha zikiwa ndani, kwa hiyo unaona vidole vinne vya mviringo na kisigino, hakuna alama ya kucha. Mbwa na nguchiro kucha zinaonekana.

---

#5 MamaVifaranga

Waliachwa bandani, ndiyo. Tundu lilikuwa chini ya mlango, mkono wangu unapita kwa shida. Basi huyo hawezi kuwa mondo. Lakini bado nataka kujua nifanye nini.

---

#6 AskariWaZamani

Dada Mama Vifaranga, nikujibu mimi. Nilipita chuo cha Pasiansi hapo Ilemela, nikafanya kazi ya uaskari wa wanyamapori mpaka nikastaafu. Malalamiko ya kuku nimeyasikiliza vijiji vingi.

Banda likiwa zuri, suala la kanu, kicheche, mondo na hata mwizi wa miguu miwili linapungua kwa pamoja. Wavu wa kuku uchimbiwe chini angalau kina cha mkono, kuanzia kiganja hadi kiwiko, halafu uukunje kwenda nje, maana mnyama huchimba palepale ukuta unapokutana na ardhi. Mlango ufunge bila kuacha upenyo. Juu ufunike, kanu ni mpandaji hodari. Kuku waingie kabla ya magharibi, si baada. Na fyeka nyasi kuzunguka banda, hatua kama kumi, kwa sababu paka wote hawa hawapendi kuvuka mahali peupe.

Usitege waya. Nasisitiza. Waya hauchagui. Nimetoa kwenye mitego ya waya mbwa wa mwenye mtego mwenyewe, nimetoa ndama, na mondo nimewatoa kiunoni waya umeingia hadi kwenye nyama. Aliyeutega alikuwa anataka sungura.

Halafu sheria. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, kuua mnyamapori bila kibali ni kosa, na kukutwa na ngozi yake bila kibali ni kosa pia. Vijana wanaopiga picha na mzoga na kuirusha mtandaoni wanajitengenezea ushahidi wenyewe.

---

#7 KijanaWaLamadi

Sisi Lamadi tunapakana na Serengeti kabisa, geti la Ndabaka liko hapo. Mondo ukiwa na bodaboda usiku unamuona mara kwa mara akivuka barabara kuu. Naona wengi wanafia pale kwa magari. Hilo mleta uzi hujaligusa.

---

#8 MajabaliYaZiwa

Kweli mkuu, sikuligusa. Barabara imekata katikati ya nyasi za pande mbili na ng'ambo kuna maji ya Ziwa, kwa hiyo lazima wavuke. Panya nao hupenda kingo za barabara zenye nyasi na punje zilizomwagika kwenye malori. Mondo anasimama pale anasikiliza, taa zinamkuta. Kufyeka kingo kwenye kona kunasaidia dereva amuone mapema.

---

#9 MhayaWaKemondo

Wakuu, nimefurahi mmegusa misitu ya milimani. Biashara zangu zinanipeleka Uganda upande wa Kabale, karibu na msitu wa Bwindi. Kule wana paka ambaye sisi huku hatumzungumzii kabisa, paka-dhahabu. Ukubwa wake ni kama mara mbili ya paka wa nyumbani, wengine rangi ya kahawia-nyekundu, wengine kijivu. Ndiye paka pekee wa Afrika ambaye maisha yake yote yanategemea msitu. Yuko Bwindi, yuko Kibale, yuko Rwenzori. Watu wanaozaliwa na kuzeekea pembeni ya msitu ule hawajawahi kumuona.

Nilichotaka kusema ni hiki. Kinachomuua kule si chuki. Watu wanatega waya kupata funo na nguruwe pori kwa ajili ya kitoweo, na yeye anapita kwenye njia zilezile. Mtafiti wa Kiganda, Mwezi Badru Mugerwa, alianzisha shirika linaloitwa Embaka. Hawakuanza na kukamata watu. Familia zinazoahidi kuacha kutega wanapewa nguruwe wa kufuga ili nyama ipatikane nyumbani, na wanaletewa matibabu ya meno bila malipo, kitu ambacho kijijini milimani ni shida kubwa. Waliokuwa wawindaji wanashirikishwa kwenye kazi ya kamera, maana njia za wanyama wanazijua wao.

Ndugu zangu, hilo ni jambo la kuigwa. Mtu ambaye jino lake limeng'olewa bila maumivu na bila kutoa senti anakumbuka.

---

#10 BiharamuloFresh

Basi huyo paka-dhahabu nilimuona mimi, pori la kwetu Biharamulo! Mwekundu hivi, mkubwa, aliruka akadaka kanga akiwa hewani.

---

#11 AskariWaZamani

Masikio yalikuwa na vishungi vyeusi juu?

---

#12 BiharamuloFresh

Ndiyo, marefu kama nyuzi.

---

#13 AskariWaZamani

Huyo ni simbamangu. Paka-dhahabu masikio yake ni ya mviringo, hayana vishungi, na mahali peupe pa kanga hutamkuta. Ila umebahatika sana kijana. Kudaka ndege hewani ndiyo sifa ya simbamangu, na watu wengi wamefanya kazi porini miaka mingi hawakuliona tukio hilo. Kwa ukoo hawajatofautiana mbali: mondo, simbamangu na paka-dhahabu ni watu wa nyumba moja.

Nikiri upande wa wafugaji kwamba simbamangu ni tofauti na mondo. Yeye mtoto wa mbuzi na kondoo anamuweza. Mbuzi wadogo walale ndani ya zizi lenye boma imara, na mchungaji asiwe mtoto wa miaka saba peke yake.

---

#14 Nyakato_Kwetu

Mimi nina swali la moja kwa moja. Kwa nini msiwakamate hao wote mkawapeleke Rubondo? Ni kisiwa, hakuna simba, hakuna chui, hakuna kuku wa mtu. Mbona sokwe walipelekwa?

---

#15 MajabaliYaZiwa

Swali zuri, na ni kweli Rubondo ina historia hiyo. Kati ya 1966 na 1969 walipelekwa sokwe 17, wakazaliana, na mpaka leo wapo. Walipelekwa pia wanyama wengine, tembo na twiga wakiwemo.

Lakini kwa mondo naona si jibu. Sehemu kubwa ya Rubondo ni msitu, na mondo ni mtu wa nyasi na majimaji. Pia ukimtoa mondo mmoja Magu, panya hawajaondoka. Nafasi yake itachukuliwa na mwingine, na aliyepelekwa ugenini anaanza upya bila kujua maji yako wapi wala nani mwenye eneo. Kisha uwafikirie nzohe (wale swala wa majimaji) na ndege wanaotaga kwenye matete ya kule. Kisiwa kimeshapokea wageni wengi.

Mahali pa mondo wa Magu ni Magu.

---

#16 MzeeWaNgitili

Vijana, salaam.

Mimi natoka upande wa Kwimba, umri umekwenda. Mleta uzi umetaja ngitili kwa maneno mawili ukapita, naomba niongeze.

Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza. Ng'ombe haingii. Nyasi zinakua, zinasimama kimo cha mtu, na linafunguliwa kiangazi kikali ili ndama na ng'ombe wa kulimia wapate kula. Baba zetu walikuwa nazo, kila ukoo na yake, na kijiji na yake. Baadaye zikapotea, miti ikakatwa, nchi ikawa nyeupe. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza 1986 pale Shinyanga, wataalamu hawakuleta kitu kipya, waliturudisha kwenye ngitili. Hadi mradi ulipokwisha 2004, hekta zaidi ya 300,000 zilikuwa zimerudi.

Miti iliporudi, ndege walirudi. Sungura walirudi. Na huyo mondo mnayemzungumza nilimuona tena kwenye ngitili ya kaka yangu, baada ya miaka mingi ya kutomuona. Alikuwa anatembea kwenye ukingo, pale nyasi ndefu zinapokutana na shamba la dengu, asubuhi kabla umande haujakauka. Anachukua hatua moja, anasimama. Hatua moja, anasimama. Hakunijali.

Sasa ngitili zinauzwa. Kijana anarithi, anakata viwanja. Mwingine analima pamba mpaka kwenye kingo za mto. Mkitaka kumlinda mondo, anzeni na mkutano wa kijiji mpitishe mipaka ya ngitili iandikwe kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi. Likishaandikwa na kupigwa mhuri, mwenyekiti anayefuata hawezi kuligawa kirahisi.

---

#17 Mkulima_wa_Kisesa

Shikamoo mzee. Hili la kuandika kwenye mpango wa ardhi nalichukua, kwetu kamati inakaa mwezi ujao.

---

#18 MzeeWaNgitili

Marahaba kijana wangu. Nendeni na ramani iliyochorwa, msiende na maneno matupu.

---

#19 DaktariMifugo_Ilemela

Naongeza mambo mawili ya kitaalamu ambayo naona hayajasemwa.

La kwanza ni sumu ya panya. Zile za kisasa zinazofanya panya atokwe damu ndani kwa ndani hazimuui papo hapo. Anatembea siku kadhaa akiwa mlegevu, na panya mlegevu ndiye rahisi kukamatwa. Paka anamla, bundi anamla, sumu inahamia kwao na kubaki kwenye ini. Huko Cape Town wamepima simbamangu wanaoishi pembezoni mwa jiji na wengi mno wamekutwa na sumu hizo mwilini. Huku kwetu zinauzwa kwenye ungo sokoni, bila maelezo, pembeni ya nyanya. Ghala likiinuliwa kwenye miguu na kila mguu ukavishwa kofia ya bati, panya hapandi. Kihenge cha chuma ni bora zaidi kwa mwenye uwezo.

La pili ni paka wa nyumbani, na hili ndilo linanitia hofu zaidi kwa upande wa paka pori. Uchunguzi wa vinasaba wa paka karibu elfu moja, uliochapishwa 2007, ulionyesha kwamba paka wote wa majumbani duniani wametokana na huyu paka pori, kupitia wale wa Mashariki ya Kati waliozoeana na wakulima miaka kama elfu kumi iliyopita. Walikaribia maghala kufuata panya. Kwa kuwa ni damu moja, wanapandana hadi leo, na watoto wao wanazaa. Nenda mwalo wowote wa dagaa, visiwani au huku bara, uone paka walivyojaa kwenye chanja za kuanikia. Hawana mwenyewe, hawana chanjo, na usiku wanaingia vichakani. Paka pori halisi anaweza kupotea bila kuuawa hata mmoja, kwa kuchanganyika tu. Na magonjwa yanakwenda naye njia hiyohiyo. Tunakumbuka 1994, homa ya mbwa iliingia Serengeti ikaua karibu theluthi moja ya simba.

Hivyo mfugaji wa paka: mchanje kichaa, na mhasi. Ni upasuaji mdogo, anarudi nyumbani siku ileile.

---

#20 Nyakato_Kwetu

Daktari, jirani yangu ana kitoto cha paka pori alichookota kwenye majabali akakilea kwa maziwa. Kinapendeza sana. Ni kosa?

---

#21 DaktariMifugo_Ilemela

Kisheria kukaa na mnyamapori hai bila kibali ni kosa. Na kwa mnyama mwenyewe, maziwa ya ng'ombe yanamharisha, wengi wanakufa wiki za mwanzo. Mara nyingi hakikuwa kimeachwa. Mama huwaficha kwenye upenyo wa mawe akaenda kuwinda, na anaweza kuwahamisha mmoja mmoja. Ukikuta vitoto majabalini, ondoka, usivishike. Hicho cha jirani yako, apeleke taarifa kwa Afisa Wanyamapori wa halmashauri leo, kabla hakijazoea watu kabisa. Akienda mwenyewe kwa hiari, mazungumzo yanakuwa mepesi.

---

#22 Mchumi_wa_Igoma

Naheshimu hisia zenu, ila tuseme ukweli. Mji unakua. Mafunjo yanafukiwa, watu wanahitaji viwanja na ajira. Paka na viwanda haviwezi kukaa pamoja. Mtachagua kimoja.

---

#23 MajabaliYaZiwa

Mkuu, nikupe mfano mmoja tu. Afrika Kusini, mahali panaitwa Secunda, kuna kiwanda kikubwa cha kugeuza makaa ya mawe kuwa mafuta, moshi na matangi. Ndani ya uzio wake waliacha majimaji na nyasi bila kuvigusa. Watafiti walitega kamera humo na mwaka 2018 wakachapisha walichokuta: mondo 76 hadi 101 kwa kila kilomita za mraba 100. Ndiyo idadi kubwa zaidi iliyowahi kurekodiwa popote, hifadhi za taifa zikiwemo. Sababu zinaeleweka. Panya wengi, maji yapo, na hakuna anayewapiga marungu wala kuwategea waya.

Kwa hiyo Igoma yako ijengwe, na mimi nitafurahi. Ninachoomba ni ukanda wa mafunjo uachwe pale maji yanapokutana na nchi kavu. Sheria ya mazingira yenyewe inataka mita 60 kutoka ufukweni na kingo za mito zisijengwe wala kulimwa kwa namna ya kuviharibu. Ukanda huo unachuja tope lisiingie ziwani, unaficha sangara wadogo na mazalia ya sato, na mondo anapita humo kutoka eneo moja hadi jingine. Bila ukanda huo, mondo aliyeko Magu hawezi kukutana na wa Lamadi.

---

#24 Mchumi_wa_Igoma

Mfano wa kiwanda sikuujua. Hoja ya mita 60 nakubaliana nayo, tatizo ni usimamizi.

---

#25 KijanaWaLamadi

Sasa sisi vijana tusio na kamera za kutega tunaanzia wapi? Hizo ni bei.

---

#26 AskariWaZamani

Simu yako inatosha kuanza. Baada ya mvua, asubuhi na mapema, tembea kwenye tope la kingo za majaruba na mifereji. Ukikuta wayo wa mviringo usio na kucha, weka kiberiti pembeni yake ili ukubwa ujulikane, piga ukiwa umeinama juu yake moja kwa moja, jua likiwa ubavuni ili kivuli kionyeshe kina. Washa huduma ya mahali (location) kwenye simu. Andika tarehe na aina ya eneo: mpunga, mafunjo, ngitili, majabali. Mondo ni wa sentimita 4 hadi 5, paka pori ni karibu na wa nyumbani.

Ukikuta kinyesi chenye manyoya ya panya usikiguse kwa mkono, kipige picha vilevile na kiberiti.

---

#27 MajabaliYaZiwa

Ziwekeni picha hizo hapa kwenye uzi, nitazipanga kwa wilaya. Jina la kijiji linatosha, msiandike sehemu kamili ya shimo wala ya watoto, maana wanaotafuta ngozi nao wanasoma. Zikifika za kutosha tutazipeleka pamoja kwa maafisa wanyamapori wa halmashauri zetu na kwa TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, tuombe waje kutega kamera za kweli.

---

#28 Mkulima_wa_Kisesa

Ya kwanza hii hapa, kando ya mfereji wa mpunga, asubuhi ya leo. Kiberiti kipo. Kucha sizioni.

---

#29 AskariWaZamani

Sogeza kiberiti mkono wa kulia kidogo, kimefunika kidole cha nje, halafu piga tena kabla jua halijapanda.